Mwalimu, shamba la michikichi na masta ya milioni sita

Kisa hiki ni cha hapa Kigoma. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike, mradi nisitaje jina lake, shule yake wala chuo kilichomkubali. Ni mwalimu wa kike wa sekondari, anafundisha Baiolojia na Kemia katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Ana shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu, wastani wa alama (GPA) 3.6. Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akakaa mtaani kwa muda akisubiri ajira, na sasa yuko mwaka wa tatu kazini. Alikuja kwangu na barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu katika chuo kilicho nje ya mkoa. Ada ya miaka miwili, pamoja na ile michango midogo midogo ambayo huonekana ukifungua ukurasa wa pili wa barua, ilizidi kidogo shilingi milioni 6. Awamu ya kwanza ilitakiwa kabla ya usajili.

Hakuja kuniuliza kama aende. Hilo nyumbani lilishaamuliwa. Baba yake, mzee mwenye ekari mbili za michikichi upande wa Mwandiga, alishapata mnunuzi wa ekari moja na ameshapokea advansi. Mpango wao ulikuwa hivi: Bodi ya Mikopo italipa ada, pesa ya shamba itakula kwenye chumba na chakula.

"Kaka, wewe umeshapita huko," aliniambia. "Nionyeshe tu pa kubonyeza kwenye mfumo wa Bodi."

Pa kubonyeza hapakuwepo, na sababu yake ndiyo kiini cha kisa chote. Familia hii, kama familia nyingi ninazokutana nazo, ilidhani elimu ya juu ni kitu kimoja kinachopanda: shahada, masta, PhD. Wakadhani na mlipaji ni yule yule, anapanda nao. Sivyo. Kila ngazi ina mlipaji wake, na kila mlipaji ana sababu yake ya kulipa. Usipoijua sababu hiyo unapeleka maombi mazuri kwenye mlango usio wako.

Bodi inalipa nini, na kwa nini

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kazi yake kubwa ni kumfikisha kwenye shahada ya kwanza kijana ambaye kwao hakuna uwezo. Ndiyo maana maswali yake yote ni ya uhitaji: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), vyeti vya vifo kwa yatima, kaya iliyo kwenye orodha ya TASAF (mfuko unaosaidia kaya maskini), ulemavu, mdhamini, saini ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Ukipata, unapewa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi ndilo wanafunzi wanaloliita bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 limekuwa shilingi 10,000 kwa siku.

Mwalimu huyu alipita njia hiyo yote. Alikumbuka hata rangi ya meza ya hakimu aliyemgongea muhuri kwenye fomu. Lakini kwa mtu mwenye ajira anayetaka masta, Bodi haina tena swali la kumuuliza. Mlango wa mikopo ya uzamili na uzamivu umekuwa mwembamba, na umewalenga zaidi wanataaluma wa vyuo wenyewe. Mbele ya Bodi mwalimu wetu si mwombaji tena. Ni mdaiwa.

Tukaichukua hati yake ya mshahara tukaiweka mezani. Nauzungusha mshahara wa msingi uwe 800,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka 8 kwa marekebisho ya sheria ya 2016: hiyo ni 120,000. Pensheni ya PSSSF asilimia 5: 40,000. Bima ya afya asilimia 3: 24,000. Chama cha walimu asilimia 2: 16,000. Kodi ya mshahara kama 68,000. Jumla ya makato ni 268,000, mkononi zinabaki 532,000. Kanuni ya theluthi inasema mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, yaani 266,667. Maana yake benki inaweza kumkopesha mpaka makato mapya ya takriban 265,000 kila mwezi, na kisheria mambo yatakuwa sawa kabisa.

Alinyamaza pale. Benki ilikuwa imeshampigia simu. Alikuwa hajapata kuona maana ya theluthi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu: kulipa chumba ugenini, nauli, karatasi za kudurufu na chakula cha mwezi mzima kwa laki mbili na sitini na sita. Makato ya Bodi nayo hayasimami kwa sababu umerudi darasani. Mshahara ukiendelea kuingia, nayo yanaendelea kutoka.

Nikamwambia na jema lililopo. Ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni la Bodi lionekane halipungui, ilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo deni lake la milioni tisa linapungua kweli, karibu milioni moja na nusu kila mwaka. Akitulia kazini litaisha. Ni vema mtu alijue hilo kabla hajapanda deni jingine juu yake.

Masta ya darasani na masta ya utafiti

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8 na inahitaji walau krediti 360. Uzamili uko ngazi ya 9 na walau krediti 180. Uzamivu ngazi ya 10. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, si za kukaa darasani tu. Kwa hiyo masta ni saa 1,800 za mtu mmoja. Swali ni saa hizo anazitumia kwa nani.

Kuna masta ambayo sehemu kubwa ni kozi, mitihani, halafu tasnifu fupi mwishoni. Uongozi wa elimu, utawala wa biashara, rasilimali watu, nyingi ziko hivi. Anayefaidika kwanza ni mwanafunzi mwenyewe, na vyuo vinajua hivyo, ndiyo maana vinamtoza. Mlipaji ni wewe, au mwajiri wako akiona atapata kitu, au serikali ya nchi nyingine inayotaka marafiki na wataalamu. Zaidi ya hao, utatafuta sana.

Kuna masta nyingine, na PhD karibu zote, ambapo mwanafunzi ni mkono wa utafiti. Profesa ana mradi, mradi una fedha, na fedha hizo haziwezi kutumika bila mtu wa kwenda shambani, maabara au ziwani kukusanya data. Mtu huyo ndiye mwanafunzi. Analipiwa kwa sababu anafanya kazi. Vyuo vingi vya Marekani huchukua wanafunzi wa PhD za sayansi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, vinawaondolea ada na kuwapa posho ya kujikimu ili wafundishe au watafiti. Hapa nyumbani, vituo mahiri vya utafiti na mafunzo vilivyoanza 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, viwili Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro na viwili Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, vilisomesha vijana wa masta na PhD kwa mtindo huo huo: tatizo kwanza, mwanafunzi baadaye.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mlangoni kwetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, binti wa miaka 26, hana shahada yoyote. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ndiye aliyemtafutia fedha za kuanzia, na kuanzia 1961 National Geographic Society ikaanza kumfadhili. Mwaka 1962 Cambridge ikampokea kusoma PhD bila shahada ya kwanza, jambo lililokuwa nadra hata kwao, na akahitimu 1966. Watu wa Kigoma tunapenda kulisimulia hili kama habari ya bahati, au ya ujasiri wa mtu mmoja. Ujasiri ulikuwepo. Lakini tazama mpangilio wa mambo: alianza kuona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa anakiona, sokwe wakichokonoa mchwa kwa vijiti, kisha mfadhili akalipia uchunguzi, kisha chuo kikaja kuupa uchunguzi huo jina la shahada. Shahada ndiyo iliyofuata kazi.

Sisemi mwalimu wetu ataingia PhD bila masta. Zama zile si hizi, na masharti ya leo yameandikwa. Nasema tu kwamba alikuwa ameshika barua ya shahada ambayo kwa asili yake haina mlipaji, huku ana sifa za shahada ambayo inaweza kupata mlipaji.

Masta hii ingempa nini?

Nilimuuliza, na nikamwomba ajibu kwa uaminifu. Alitaja mambo matatu: kupanda daraja, kuwa mkuu wa shule, na siku moja kufundisha chuo.

La kupanda daraja nililijibu haraka. Mwalimu wa stashahada akileta shahada, muundo wake wa utumishi unabadilika. Mwalimu wa shahada akileta masta, cheti hicho peke yake hakimnunulii daraja jipya. Anasubiri zamu yake na wenzake. Ukuu wa shule ni uteuzi, na wapo wakuu wazuri wengi wasio na masta.

La kufundisha chuo ndilo lenye uzito, na ndilo lililokuwa linamtoa usingizini. Hapo GPA inarudi kukuita. Kuingia masta kwa kawaida inatosha daraja la pili, GPA 2.7 kwenda juu. Lakini matangazo ya kazi za uhadhiri vyuo vya umma huomba 3.5 au 3.8 ya shahada ya kwanza, na 4.0 ya masta. Yeye ana 3.6. Tangazo moja litamkubali, jingine litamkataa kabla halijasoma jina lake. Hawezi kuibadilisha 3.6. Anachoweza kuchagua ni masta katika somo lile lile alilolisomea, kwa sababu idara ya Baiolojia haiajiri mtu wa uongozi wa elimu hata awe na 4.8. Wengi hukimbilia kozi ya uongozi kwa kuwa inaonekana nyepesi na inapatikana kila chuo. Kwa mtu anayetaka ukuu wa idara halmashauri, naielewa. Kwa huyu ilikuwa inamtoa kwenye njia aliyoitaka.

Kisha ruhusa. Hakuwa ameomba. Alidhani akishapata barua ya chuo, mkurugenzi ataipokea tu. Mtumishi wa umma anayekwenda masomo ya muda mrefu anahitaji ruhusa ya mwajiri, maombi yakipitia kwa mkuu wa shule, afisa elimu na afisa utumishi, na jina lake linatakiwa liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Akiruhusiwa vizuri, mshahara unaendelea, naye anasaini mkataba wa kurudi kutumikia umma. Ruhusa hiyo yenye mshahara ndiyo ufadhili mkubwa kuliko wote alio karibu nao: kwa miaka miwili ni zaidi ya shilingi milioni 12 za mkononi, mara mbili ya ile ada. Akiondoka bila hiyo, ni utoro kazini, na mwisho wake ni kufutwa kwenye orodha ya malipo. Shamba lingeuzwa, na mshahara ungepotea.

Marafiki zake walimwambia pia Ujerumani ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini kupata viza lazima uonyeshe una pesa ya kuishi, na kiwango kilichowekwa 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Ekari zote mbili za mzee zisingetosha.

Milango iliyobaki tuliipanga kwa jinsi inavyomfaa yeye. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, ambazo ameshazipata. Ni wa masta ya mwaka mmoja, unalipa kila kitu, na lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Unatafuta viongozi, kwa hiyo barua yake iwe na alichokifanya, si anachokiota. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa kwenda Uingereza na mwingine wa kusoma kwa masafa ukiwa kazini, unaolipa ada. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, hufadhili masta na PhD katika vyuo vya Afrika Mashariki, lakini shahada ya mwisho isizidi miaka sita. Huu una saa inayohesabu, kwa sababu ile miaka aliyokaa mtaani akisubiri ajira nayo imo. Mfuko wa Mwalimu Nyerere wa Benki Kuu, ulioanzishwa 2009, husomesha masta za sayansi na hisabati, ushindani wake mkali. Na kipo Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, chenye kituo hapa hapa Kigoma. Huko angelipa ada mwenyewe kidogo kidogo, bila kuacha kazi wala kupanga chumba ugenini.

Kwa mzee

Aliniomba nikaseme na baba yake, kwa sababu yeye hakuweza kumwambia aliyempa shamba kwamba asiuze shamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unamkataza mwenzio kusoma."

Hoja yake ilikuwa nzito na naiheshimu. Alisema hakupanda michikichi ili aitazame. Aliipanda ili watoto wasome, na mtoto ameomba kusoma. Sikumjibu hilo. Nilimuuliza shamba linaingiza nini kwa mwaka, mawese na mise (kokwa za chikichi), tukahesabu pamoja. Ekari inayozaa inaendelea kuzaa zaidi ya miaka ishirini. Masta ya milioni sita inaila yote kwa miezi ishirini na minne.

Kisha mzee akasimama akaleta chikichi mbili kutoka kwenye ndoo, akazipasua kwa kisu. Moja ilikuwa na gamba nene na nyama kidogo, ni dura, ile ya zamani. Nyingine gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta yanang'aa kwenye ubao wa kisu: tenera, mbegu ambayo kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, kimekuwa kikiizalisha tangu kampeni ya michikichi ilipoanza 2018. Mzee alilalamika kwamba alichukua mbegu za tenera yake mwenyewe akaotesha miche, na miti iliyotoka haifanani, mingine imerudi kuwa ya gamba nene.

Binti akamjibu bila kufikiri, kama yuko mbele ya kidato cha nne. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na gamba. Ukiotesha mbegu zake zilizochavushwa na tenera mwenzake, kwa wastani robo inarudi dura, nusu inabaki tenera, robo inakuwa pisifera, na hizo nyingi hazizai. Ndiyo maana mkulima hatakiwi kuotesha mbegu za shambani kwake. "Na hapa Mwandiga baba, nani hajaotesha za shambani kwake?"

Mzee akasema hakuna.

Hilo ni swali la utafiti. Ni wakulima wangapi wanaotesha mbegu za shambani, shamba lao linapoteza mafuta kiasi gani, na kwa nini hawaendi kuchukua miche bora? Lina taasisi ya serikali inayolihitaji jibu, lina zao ambalo taifa linaagiza mafuta yake kutoka nje, na mtu wa kulijibu amekulia ndani yake na anaijua jenetiki. Nilimwambia aandike kurasa mbili, si zaidi: tatizo, swali, atapimaje, kwa nini yeye. Kisha awaandikie wahadhiri wanaofanya utafiti wa mazao, barua fupi kwa kila mmoja, akitaja kazi ya mhadhiri huyo aliyoisoma kweli. Msimamizi mwenye mradi ana thamani kuliko tovuti kumi za ufadhili, kwa sababu ndiye anayejua fedha ipi inatoka lini.

Mambo yalipofikia

Barua ya uongozi wa elimu ameiacha ipite. Mzee amerudisha advansi, si kwa furaha. Mnunuzi alikuwa jirani, na maneno yalikuwepo. Wahadhiri watatu waliandikiwa. Wawili kimya. Mmoja, wa Morogoro, amejibu akiomba transkripti na zile kurasa mbili, akasema wazi kwamba kwa sasa hana fedha ila kuna andiko la mradi linasubiri majibu. Hiyo si ahadi, na nimemsihi asiwaambie nyumbani kuwa ni ahadi.

Ombi la ruhusa limefika kwa afisa utumishi likiwa na sahihi ya mkuu wa shule. Jina lake likiingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha unaoanza Julai, ataomba DAAD na Jumuiya ya Madola akiwa na mwajiri nyuma yake. Lisipoingia, atabaki darasani, aendelee kukatwa na Bodi, aanze na Chuo Kikuu Huria kwa mshahara wake, na utafiti wa mbegu aufanye Jumamosi kwa majirani wa baba yake. Ameshaanza kuwaorodhesha kwenye daftari la hesabu: jina, idadi ya miti, mbegu ilitoka wapi.